Nati za Alumini au za Chuma kwa Magari ya Kasi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yafuatayo yanawahusu wenye magari ya kasi wanaofikiria kuondoa nati za chuma zilizokuja na gari na kufunga za alumini, pamoja na wale ambao tayari wamefunga na wanataka kujua namna ya kuzitunza. Vipimo vilivyotajwa ni vya kawaida kwa magari madogo. Pale ambapo kitabu cha gari lako kinataja kipimo tofauti, fuata kitabu.

Nati ya gurudumu inafanya kazi gani hasa?

Wengi huamini kwamba gari limeketi juu ya stadi (boliti zinazopita kwenye matundu ya rimu na kukazwa kwa nati), na kwamba kazi ya nati ni kuzuia rimu isichomoke. Sivyo. Nati inapokazwa huivuta stadi, stadi hurefuka kwa sehemu ndogo sana ya milimita, na mvuto huo ndio unaoibana rimu kwenye uso wa haba, yaani kitovu cha ekseli ambacho gurudumu hufungwa juu yake. Msuguano kati ya nyuso hizo mbili ndio unaobeba nguvu zote za kuondoka, kufunga breki na kukata kona. Stadi ya M12 (yenye kipenyo cha milimita 12) iliyokazwa kwa torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya nyutonimita (Nm) 108 ikiwa kavu hupata mvuto wa takribani kilonewtoni 45, ambao ni sawa na uzito wa tani nne na nusu, na gurudumu lenye stadi tano hubanwa kwa zaidi ya tani 20.

Mvuto huo ukipungua, rimu huanza kusogea kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, stadi hupindwa huku na huku kila gurudumu linapozunguka, na mwisho wake hukatika kwa uchovu wa metali. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama nati ni nyepesi au inapendeza, uliza kama inaweza kufikisha mvuto unaotakiwa na kuutunza, leo na baada ya kufunguliwa mara nyingi. Hapo ndipo alumini na chuma hutofautiana kweli.

Je, alumini ina nguvu ya kutosha kushika gurudumu la gari la kasi?

Alumini nzuri inayo nguvu hiyo, lakini nguvu si sifa pekee inayohitajika. Aloi ya 7075 iliyotibiwa kwa joto hadi hali ya T6 huanza kulegea kwa kudumu inapofikia mkazo wa megapaskali 500 hivi, kiwango ambacho ni karibu mara mbili ya chuma laini cha ujenzi. Nati mpya iliyofuliwa kwa aloi hiyo, ikiwa na ukuta mnene na uzi (meno ya kuzungushia) mrefu, itafikisha mvuto wa stadi bila shida.

Tatizo liko kwenye ugumu wa uso. Kwa kipimo cha Brinell, 7075-T6 ina ugumu wa takribani 150, ilhali stadi ya daraja la nguvu la 10.9 huzidi 300. Kila unapokaza na kufungua, uzi laini wa nati husuguliwa na uzi mgumu wa stadi, na kinachomomonyoka ni nati. Nati ya chuma huchakaa pia, ila polepole kiasi kwamba mwenye gari la kawaida huenda asiione tofauti kwa miaka mingi. Zaidi ya hayo, chuma kina kiwango cha mkazo ambacho chini yake kinaweza kubebeshwa mzigo unaorudiarudia bila kuchoka. Alumini haina kiwango hicho, na kila mzunguko wa mzigo hupunguza maisha yake.

Haki itendeke kwa alumini pia. Kwa kuwa unyumbufu wake ni karibu mara tatu ya ule wa chuma, nati yake hugawanya mzigo vizuri zaidi kwenye nyuzi zake. Katika nati ya chuma, uzi wa kwanza ulio karibu na rimu hubeba takribani theluthi moja ya mzigo wote, na nyuzi za mwisho hubeba kidogo sana. Katika nati ya alumini, nyuzi za kwanza hujikunja kidogo na kuzipa zile za nyuma sehemu yao ya kazi. Pia uzi ukiharibika, mara nyingi unaoharibika ni wa nati, na stadi hubaki salama.

Kupunguza uzito kwa nati za alumini kunaongeza kasi ya gari?

Kunaongeza kwa kiasi ambacho saa ya uwanjani itashindwa kukitenganisha na tofauti za kawaida za dereva, upepo na joto la tairi. Hili ni jambo linalostahili hesabu, kwa sababu ndilo linalotumiwa zaidi kuuzia nati hizi.

Chuma kina uzito wa gramu 7.85 kwa kila sentimita ya ujazo, na 7075 ina gramu 2.81. Kwa umbo lilelile, basi, nati ya alumini ni zaidi kidogo ya theluthi ya uzito wa nati ya chuma. Chukua tofauti ya gramu 35 kwa kila nati na gari lenye nati 20, na utakuwa umeokoa gramu 700. Hizo ni gramu 700 za uzito usiobebwa na springi, na kuzipunguza ni jambo jema, lakini zimegawanywa kwenye magurudumu manne ambayo kila moja, pamoja na tairi lake, linaweza kufika kilo 20.

Mara nyingi huongezwa hoja kwamba uzito unaozunguka ni mzigo mkubwa zaidi kuliko uzito uliotulia. Ni kweli, lakini athari yake hukua kwa mraba wa umbali kutoka katikati. Nati zilizopangwa kwenye duara la milimita 114.3 ziko milimita 57 tu kutoka katikati ya haba, ilhali kashata ya tairi, sehemu inayogusa barabara, iko milimita 300 hivi. Gramu 175 zilizookolewa kwenye gurudumu moja lenye nati tano, zikiwa pale zilipo, zina athari ya mzunguko sawa na gramu sita na ushei zikiwekwa kwenye kashata. Vipande vidogo vya risasi vinavyobandikwa kusawazisha gurudumu mara nyingi huzidi gramu hizo.

Kama unataka gurudumu jepesi, pesa yako itafanya kazi zaidi kwenye rimu iliyofuliwa na kwenye tairi jepesi. Nati ziwe jambo la mwisho baada ya hayo yote kukamilika. Anayefunga nati za alumini kwa sababu anapenda rangi yake ana sababu ya haki kabisa, na hakuna haja ya kuivika hoja ya kasi.

Mbona kuna magari ya kasi yaliyotoka kiwandani na nati za alumini?

Mfano maarufu ni Porsche, ambayo kwa miaka mingi ilizifunga kwenye 911 zenye injini inayopozwa kwa hewa. Mfano huo unathibitisha kwamba nati ya alumini inaweza kutegemewa, lakini ni lazima utazamwe pamoja na masharti yake. Stadi zake ni za M14 kwa hatua (umbali kati ya jino moja la uzi na linalofuata) ya milimita 1.5, kwa hiyo eneo la uzi linalobeba mzigo ni kubwa kuliko la stadi za M12 zilizo kwenye magari mengi madogo. Nati zenyewe ni nene, uso wake wa kukalia ni wa duara na unalingana na rimu iliyotengenezwa kwa ajili yake, na torki yake ni Nm 130, iliyotolewa na kiwanda kilichosanifu stadi, rimu na nati kwa pamoja.

Nati ndogo ya rangi unayoinunua dukani kwa ajili ya stadi ya M12 haipati sifa hizo zote kwa kuwa tu na yenyewe ni alumini.

Nitatambuaje alumini nzuri na ile ya bandia?

Anza kwa kuuliza namba ya aloi na namna nati ilivyotengenezwa. Nati inayofaa hufuliwa au huchongwa kutoka kwenye fito ya 7075-T6, na muuzaji wa kuaminika husema hivyo waziwazi, pamoja na kutaja kikomo cha torki. Maneno ya jumla kama "aloi ya ndege" hayana maana yoyote yakikosa namba, kwa sababu ndege hutumia aloi nyingi zenye nguvu tofauti sana. Nati za kumimina kwenye kalibu ni za kuepukwa kabisa: ndani yake huweza kuwa na vitundu vya hewa, na kwa nje rangi huficha kila kitu.

Sumaku husaidia kwa kiasi fulani. Haishiki alumini, kwa hiyo ikinasa unajua kwamba ni chuma au kuna chuma ndani. Lakini haiwezi kutofautisha 7075 na alumini dhaifu, kwa kuwa zote mbili zinaikataa. Mzani nao hausaidii hapo, maana aloi za alumini zinakaribiana sana kwa uzito. Kinachobaki ni kuangalia kwa macho ndani ya uzi: uzi wa nati bora una kingo kali, safi, zisizo na mabaki ya kukata, na rangi yake ni ile ya mchakato wa umeme unaokuza ganda jembamba la oksidi juu ya alumini. Rangi iliyopulizwa au kupakwa juu ya uso wa kukalia ni dosari kubwa, kwa sababu itasagika baada ya kukazwa na kuacha mvuto ushuke.

Joto la breki linaathiri vipi nati hizi?

Hili ndilo swali ambalo dereva wa uwanjani anapaswa kulipa uzito wa kwanza. Diski za breki kwenye mbio za kasi huweza kupita nyuzi 500 za Selsiasi. Joto hilo hupanda kupitia kofia ya diski hadi kwenye haba, kwenye stadi na kwenye kitovu cha rimu. Gari likiwa mwendoni, hewa hupoza. Hatari hukua pale gari linaposimamishwa mara tu baada ya mizunguko ya kasi, kwa kuwa joto lililohifadhiwa kwenye diski halina pa kwenda isipokuwa kwenye sehemu zilizo jirani, nati zikiwamo.

Aloi ya 7075 hupata nguvu zake kwa kukomazwa kwenye joto la nyuzi 120 hivi kwa saa nyingi. Ikikaa muda mrefu kwenye joto lililo juu ya hapo, chembe ndogo zinazoipa nguvu huanza kukua kupita kiasi na aloi hulainika, na kwenye nyuzi 200 hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Ulainishaji huo haurudi nyuma nati inapopoa. Nati iliyopikwa mara nyingi inaweza kuonekana kama mpya huku uzi wake ukiwa umedhoofika, ingawa mara nyingine rangi iliyopauka au kugeuka hutoa dokezo. Chuma hakitikiswi na joto la kiwango hicho.

Kuna pia suala la kutanuka. Alumini hutanuka kwa sehemu 23 hivi katika milioni kwa kila nyuzi moja, na chuma kwa sehemu 12 hivi. Nati ya alumini ya M12 ikipanda kwa nyuzi 100, kipenyo cha uzi wake huongezeka kwa takribani milimita 0.013 zaidi ya kipenyo cha stadi, na meno hushikana kwa kina kidogo kuliko awali. Wakati huohuo rimu ya alumini nayo hunenepa kuliko stadi inavyorefuka, na hivyo mvuto huongezeka. Nati laini hujikuta inabebeshwa mzigo mkubwa zaidi katika saa ileile ambayo nguvu zake zimepungua. Ndiyo maana kwa gari linalokimbia uwanjani kwa vipindi virefu napendekeza nati za chuma cha kromoli (chuma kilichochanganywa na kromu na molibdeni), zilizofunguka upande wa nje, bila kusita.

Zikazwe kwa torki ngapi, na je, nipake grisi?

Torki ni ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kwa stadi za M12 huwa kati ya Nm 90 na 120 kwa magari mengi. Toyota nyingi hutaja Nm 103 na Honda nyingi Nm 108. Kwa M14 huwa kubwa zaidi. Mtengenezaji wa nati za alumini akitaja kikomo kilicho chini ya torki ya gari lako, nati hizo hazilifai gari hilo. Usipunguze torki ili kuihurumia nati, kwa sababu mvuto unaoushusha ndio unaoshikilia gurudumu.

Kuhusu grisi, ni vizuri kuelewa torki huenda wapi. Takribani nusu yake humalizwa na msuguano kwenye uso wa kukalia wa nati, asilimia 40 hivi kwenye uzi, na asilimia 10 tu ndiyo inayobaki kuirefusha stadi. Ukipunguza msuguano kidogo, sehemu hiyo ya mwisho hukua sana. Ile stadi ya M12 iliyopata kilonewtoni 45 kwa Nm 108 ikiwa kavu inaweza kufika kilonewtoni 60 kwa torki ileile baada ya kupakwa mafuta. Mkazo ndani yake hupanda kutoka megapaskali 510 hadi 680, na nati laini ndiyo inayolipia ongezeko hilo. Kwa hiyo funga zikiwa kavu na safi, isipokuwa mtengenezaji wa gari au wa nati ameagiza kilainishi mahususi na kutoa torki inayolingana nacho. Pasta yenye shaba isiguse nati ya alumini kamwe, kwa sababu shaba huharakisha ulikaji wa alumini panapokuwa na unyevu.

Kaza kwa hatua mbili au tatu, kwa mtindo wa nyota, gurudumu likiwa limeinuliwa mwanzoni ili rimu ikae sawa, kisha umalizie likiwa limegusa chini. Usikaze magurudumu yakiwa ya moto: yatakapopoa, rimu itasinyaa kuliko stadi na mvuto utashuka.

Kwa nini naambiwa nikague nati tena baada ya safari fupi?

Kwa sababu stadi iliyokazwa sawasawa imerefuka kwa kiasi kidogo kuliko unavyodhani. Sehemu ya stadi yenye urefu wa milimita 25, ikiwa na mvuto wa kilonewtoni 45, hurefuka kwa milimita 0.06 hivi. Chembe ya vumbi, ganda la rangi au kutu kwenye uso wa haba ikisagika na kupunguza unene kwa milimita 0.02, theluthi nzima ya mvuto imepotea, na hakuna nati hata moja iliyozunguka. Nati za alumini, kwa ulaini wake, hujikalisha zaidi katika siku za mwanzo. Zikague baada ya kilomita 80 hadi 100, na ikiwa gari ni la uwanjani, kabla ya kila kipindi cha kukimbia, magurudumu yakiwa yamepoa.

Naweza kutumia mashine ya upepo?

Hapana, wala kufunga wala kufungua. Mapigo yake huchubua pembe za nati, hupandisha torki kupita kikomo kabla fundi hajatoa kidole, na huzungusha nati kwa kasi inayofanya uzi ulaliane na kung'ang'aniana. Anza kwa mkono mtupu kwa mizunguko kadhaa, endelea kwa wili spana au boksi spana yenye pande sita na kuta laini, malizia kwa spana ya torki. Ukipeleka gari kwa fundi wa tairi, mwambie hivyo kabla hajaanza, na ukiona hataki kuelewa, ondoa nati mwenyewe. Kwa mtu ambaye gari lake hupita mikononi mwa mafundi wengi, sababu hii peke yake inatosha kubaki na chuma.

Kutu je? Alumini si haishiki kutu?

Haishiki kutu nyekundu, lakini huliwa. Alumini na chuma zikigusana mahali penye maji ya chumvi hutengeneza mkondo mdogo wa umeme, na alumini ndiyo inayotoa mwili wake. Unga mweupe unaoonekana mdomoni mwa nati ni dalili ya jambo hilo. Unga huo hujaza nafasi za uzi, na siku ya kufungua nati hukwama au hung'oka na nyuzi zake. Anayeendesha karibu na bahari, au kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, asiziache nati za alumini zikae msimu mzima bila kufunguliwa na kusafishwa.

Aloi ya 7075 katika hali ya T6 ina udhaifu mwingine: inaweza kupasuka taratibu ikiwa imevutwa na wakati huohuo inaliwa na kemikali. Dawa kali za kusafishia rimu, ziwe za asidi au za alikali, hula ganda la oksidi na kufungua njia. Tumia sabuni isiyo kali na suuza kwa maji mengi.

Basi nati za chuma hazina kasoro?

Zinazo, na baadhi huudhi sana. Nati nyingi za kiwandani ni za vipande viwili, yaani kiini cha chuma kilichovalishwa kofia nyembamba inayong'aa. Maji yakipenya katikati, kutu huvimbisha kofia, boksi spana haiingii tena, na dereva aliyepasukiwa na tairi usiku hujikuta hana spana inayofaa. Nati za chuma za bei ya chini hupakwa kromu hafifu inayobanduka, na chini yake kutu huanza mapema. Chuma pia humaliza stadi badala ya kujimaliza chenyewe pale nati inapoingizwa upande.

Dawa yake si kukimbilia alumini. Nunua nati za chuma za kipande kimoja, zilizofuliwa na kutibiwa kwa joto. Uzito wake ni mkubwa kidogo, na hesabu iliyo juu inaonyesha jinsi uzito huo ulivyo na athari ndogo.

Ni vipimo gani lazima vilingane kabla sijanunua?

Cha kwanza ni kipenyo na hatua ya uzi. Toyota, Honda, Mazda na Mitsubishi nyingi hutumia M12 kwa hatua ya 1.5, Nissan, Subaru na Suzuki nyingi hutumia M12 kwa hatua ya 1.25. Nati ya hatua isiyo yake huingia mizunguko miwili mitatu kisha hugoma, na mwenye wili spana refu anaweza kuilazimisha hadi akaharibu vyote viwili.

Cha pili ni umbo la uso wa kukalia. Rimu nyingi za kubadilisha hutaka koni ya nyuzi 60, rimu nyingi za kiwandani za Honda hutaka uso wa duara, na baadhi ya za Toyota hutaka nati yenye shingo na washa bapa. Koni kwenye tundu la duara hugusa kwa mstari mwembamba tu. Kwa alumini kosa hilo ni baya zaidi, kwa sababu mstari huo hujichimba haraka na mvuto wote hutoweka.

Cha tatu ni kiasi cha uzi unaoshikana. Kanuni ya NHRA, chama cha mbio fupi za magari cha Marekani, inataka urefu wa uzi ulioshikana usipungue kipenyo cha stadi: milimita 12 kwa M12, ambayo ni mizunguko minane kwa hatua ya 1.5, au karibu kumi kwa hatua ya 1.25. Hicho ni kiwango cha chini. Kwa nati ya alumini ningetafuta mara moja na nusu ya kipenyo, yaani milimita 18. Ukiweka spesa (kipande cha kusogeza rimu mbali na haba) bila kurefusha stadi, huenda usifikie hata kile cha chini. Na ikiwa stadi ni ndefu huku nati imezibwa kwa nje, hakikisha ncha ya stadi haigongi mwisho wa nati, kwani spana ya torki italia kana kwamba kazi imekwisha ilhali rimu haijabanwa.

Vipi kuhusu titani, au nati za alumini zenye kiini cha chuma?

Titani ina uzito wa gramu 4.5 kwa sentimita ya ujazo, nguvu kubwa, na hustahimili joto kuliko alumini. Ni ghali, na uzi wake hung'ang'ania kwa urahisi ukikosa kilainishi alichoelekeza mtengenezaji. Nati zenye kiini cha chuma na ganda la alumini kwa nje ni suluhisho la busara kwa anayetaka rangi: uzi na uso wa kukalia ni wa chuma, na alumini imebaki kuwa pambo. Hakikisha tu kwamba uso wa kukalia nao ni wa chuma kweli.

Naweza kuchanganya nati za alumini na nati moja ya kufuli ya chuma?

Msuguano wa metali hizo mbili haulingani, kwa hiyo torki moja itatoa mvuto tofauti kwenye stadi za gurudumu moja. Afadhali seti nzima iwe ya aina moja, kufuli ikiwamo. Ukichanganya kwa dharura ili ufike nyumbani, fanya hivyo kwa safari hiyo tu.

Nati za alumini zibadilishwe lini?

Zihesabu kama pedi za breki, kitu kinachotumika na kuisha. Ibadilishe nati yoyote ambayo haizunguki kwa vidole hadi ikaguse rimu, ambayo pembe zake zimeanza kuviringika, ambayo uso wake wa kukalia una mifereji au umepoteza rangi mduara mzima, au ambayo imetoa vumbi la metali linalong'aa ndani ya uzi. Nati iliyowahi kulegea barabarani isirudishwe hata kama inaonekana nzima. Vilevile, nati iliyokazwa kupita kiasi mara moja, kwa mashine au kwa kukanyaga wili spana, imeshapita kikomo chake na haitakiwi tena.

Kwa gari linalofunguliwa magurudumu kila wiki kwa ajili ya mashindano, seti mpya kila msimu ni utaratibu wa haki. Kwa gari la barabarani linalofunguliwa mara mbili tatu kwa mwaka, seti inaweza kudumu miaka kadhaa ikitunzwa.

Nati ya alumini imekwama au pembe zake zimekwisha. Nifanyeje?

Usiipashe moto kwa gesi, kwa sababu joto litaharibu rimu na beringi ya haba kabla nati haijaachia. Pulizia mafuta ya kupenya kwenye ncha ya stadi ikiwa nati imefunguka kwa nje, subiri saa kadhaa, kisha gongea boksi spana ya kung'olea nati, ile yenye meno ya ndani, na uzungushe polepole kwa mkono. Ikigoma, alumini ina fadhila ya kutobolewa kwa urahisi: fundi mwenye subira anaweza kuichimba kwa kekee pembeni mwa stadi na kuipasua bila kugusa rimu. Baada ya hapo safisha uzi wa stadi kwa brashi ya waya, jaribu nati mpya kwa vidole kwenye urefu wote, na ikiwa inasita mahali popote, badilisha stadi hiyo kabla gari halijashushwa kwenye jeki.